Mbio za Nyika Vyuoni Marekani: Nani Anamfunza Kijana, na Nani Anamnunua?

Barazani kwetu hapa Mombasa, habari za michezo ni habari za kandanda. Mtu atakuhesabia wachezaji kumi na mmoja wa timu ya Uingereza, na wa akiba juu yake, lakini ukimuuliza Doris Lemngole ni nani atakukodolea macho. Na huyo ni binti wa Kenya, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Alabama, ambaye mwaka 2024 alishinda mbio za nyika za vyuo vikuu vya Marekani, akazishinda tena Novemba 2025. Baina ya ushindi huo na huo, mnamo Juni 2025, alikimbia mita 3,000 za kuruka viunzi na maji kwa muda usiotimia dakika 9, jambo ambalo halikuwa limefanywa na mwanafunzi yeyote wa vyuo hivyo. Kwa upande wa wanaume, Novemba hiyo hiyo, taji lilichukuliwa na Habtom Samuel wa Chuo Kikuu cha New Mexico, naye asili yake ni Eritrea.

Matokeo kama hayo yamezusha kelele huko Marekani. Wako wasemao kwamba vyuo vimeacha kulea watoto wa nchi, vinaagiza watu wazima kutoka Afrika kama tajiri aagizavyo gari. Wako wajibuo kuwa mbio ni mbio, mwenye miguu apite. Huku kwetu nako, kila kijana apatapo tikiti ya ndege hupigiwa vigelegele, na ni wachache waulizao atarudi na nini. Mimi naona pande zote zimeshika mkia zikamwacha ng'ombe. Suala lenyewe ni kocha: je, ameajiriwa afundishe au ameajiriwa anunue?

Ni haki msomaji ajue nasema haya kwa njia gani. Sikuwa mkimbiaji. Nilikwenda kusoma, nikabaki kuwa msaidizi wa kocha katika chuo kidogo cha majimbo ya katikati, nchi ya mahindi na upepo, tangu 2002 hadi 2006. Jina la chuo nitalihifadhi, kwani mengine nitakayoyaeleza si ya kupendeza. Kazi yangu ilikuwa kushika saa, kuendesha basi dogo, kupima njia za mazoezi, na kuwasikiliza vijana. Hiyo ya mwisho haikuandikwa katika mkataba, lakini ndiyo iliyonichukulia wakati mwingi kuliko zote.

Kwa asiyezijua, mbio za nyika za vyuo si mbio za mtu mmoja. Kila timu huingiza wakimbiaji saba. Watano wa kwanza wa timu kufika ndio wanaohesabiwa: aliyemaliza wa kwanza huleta pointi 1, wa kumi huleta 10, wa mia huleta 100. Pointi hizo hujumlishwa, na mwenye jumla ndogo ndiye mshindi. Wa sita na wa saba hawahesabiwi, lakini wakimtangulia mtu wa timu nyingine humsukuma nyuma na kuwaongezea wenzake mzigo. Katika fainali hukutana timu 31. Wanaume hukimbia kilomita 10 na wanawake 6. Haiwezekani kupata chini ya pointi 15, yaani kushika nafasi ya kwanza mpaka ya tano bila mgeni kuingia kati. Mwaka 1981 Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso, ambacho timu yake ilijaa vijana wa Kiafrika, Wakenya wakiwamo, kilipata pointi 17. Hakuna timu iliyopata kufanya hivyo tena.

Ukiifahamu hesabu hii utaelewa kwa nini kocha hodari hakeshi kwa ajili ya nyota wake. Nyota akisogea kutoka nafasi ya tatu hadi ya kwanza ameokoa pointi 2 tu. Lakini yule wa tano, akisogea kutoka nafasi ya 180 hadi ya 120, ameokoa pointi 60. Ualimu wote basi uko kwa huyu wa tano, ambaye hapigwi picha wala hatajwi gazetini. Aghalabu kwetu alikuwa mtoto wa mkulima wa pale pale, mwenye miguu mirefu na haya nyingi, aliyekuja mwaka wa kwanza hajui hata kujipimia pumzi.

Mtu kama huyo hafundishwi kwa fimbo wala kwa kelele. Hufundishwa kwa miezi. Wakati wa kiangazi hupewa maili nyingi za polepole, akajenga pumzi. Septemba ikiingia, hupanda vilima na kukimbia vipande vya kilomita moja moja juu ya majani, akipumzika kidogo baina yake. Kwa wiki kuna siku moja ya mbio ndefu, dakika 90 au zaidi. Siku moja ya mwendo wa kasi ya kadiri, ambapo mtu aweza kusema maneno mawili matatu lakini hawezi kusimulia hadithi. Na zile siku zilizobaki ni za kukimbia taratibu tu, mwili upate kujirekebisha. Oktoba hupunguzwa maili, na Novemba anayekwenda kushindana huwa amepumzika kiasi cha kuona kama anafanya uvivu. Kazi ngumu kuliko zote ya kocha ni kuwazuia watu. Vijana wetu wa Kenya, khasa, walikuwa wakigeuza Jumatatu ya polepole kuwa fainali ya Olimpiki. Anza nao maili ya kwanza wakicheka, ifikapo ya nne hakuna acheue neno. Ilinibidi niwatangulie kwa baiskeli na kuwakataza kunipita.

Sasa nitaeleza jambo moja. Tulikuwa na kijana wa Bonde la Ufa, mpole, msomi wa hesabu, na yeye ndiye aliyekuwa mtu wetu wa tano. Oktoba moja alianza kuchechemea akishuka ngazi, lakini uwanjani akijikaza. Nilimkalisha nikambonyeza muundi kwa kidole gumba. Maumivu ya musuli hutapakaa. Haya yalikuwa mahali pamoja, padogo kama senti, na nilipopagusa aliruka. Huo ni mfupa. Nilimwambia kocha mkuu siku ile ile kwamba mtoto huyu apelekwe akapigwe picha na asikimbie. Kocha mkuu alikaa kimya, kisha akanijibu kuwa mashindano ya mkoa ni baada ya siku kumi, na mkataba wake yeye utazungumzwa Desemba.

Kijana alikimbia. Nilimsihi asikimbie, akaniambia, "Mwalimu, nisipokimbia watasema nala bure." Mguu ulifungwa kitambaa, akafika, na timu ikapata nafasi iliyoitaka. Wiki iliyofuata picha ilionyesha ufa. Ilipofika Mei, ufadhili wake, ambao karatasi yake ilikuwa ya mwaka mmoja mmoja, haukuandikwa upya. Wakenya wa mji ule walichanga, wake kwa waume, akahamia chuo cha bei nafuu na kumalizia masomo. Hakukimbia tena. Na yule kocha mkuu, wallahi, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akiwanunulia vijana viatu kwa fedha zake mwenyewe. Lakini yeye pia alikuwa na watoto, na waajiri wake hawakumpima kwa vijana aliowatengeneza bali kwa namba zilizochapishwa Novemba.

Nimeyaandika hayo kwa sababu wengi hudhani ununuzi wa wakimbiaji ni jambo jipya. Si jipya hata kidogo. Katika miaka ya sabini, kocha John Chaplin wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington alikuwa na Wakenya kama Samson Kimobwa, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 10,000 mwaka 1977, na Henry Rono. Huyu Rono alishinda mbio za nyika za vyuo mara tatu, 1976, 1977 na 1979. Mwaka 1978, kwa muda wa siku 81 tu, alivunja rekodi nne za dunia: mita 10,000, mita 5,000, mita 3,000 za viunzi na mita 3,000. Na Novemba ya mwaka ule ule, katika mbio za vyuo alizokuwa bingwa wake, alimaliza wa 237. Mwenye akili ataiona hapo dalili ya mwili na moyo uliochoka. Kenya ilisusia Olimpiki za 1976 na 1980, kwa hiyo hata huko hakufika. Baadaye aliandika mwenyewe bila kuficha habari za ulevi na za kukosa pa kulala, katika nchi ile ile iliyompigia makofi. Alirudi Kenya mwaka 2019 na akafariki Februari 2024.

Hata lawama ya umri ni ya kale. Suleiman Nyambui wa Tanzania, aliyepata medali ya fedha ya mita 5,000 huko Moscow, alishinda mbio za nyika za vyuo mwaka 1980 akiichezea El Paso, naye wakati huo alikuwa na miaka 27. Wamarekani walinung'unika vivyo hivyo. Ila haki isemwe: wako makocha waliolea. John McDonnell, Muayalandi aliyekuwa Chuo Kikuu cha Arkansas, alikusanya mataji 40 ya taifa ya mbio za nyika na za uwanjani, na hakuna ajuaye riadha atakayesema aliyapata kwa kununua tu.

Lililo jipya ni sheria ya fedha. Tarehe 6 Juni 2025, jaji wa mahakama ya shirikisho aliidhinisha mapatano yanayoruhusu vyuo kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, hadi kiasi cha dola milioni 20.5 kwa chuo kimoja kwa mwaka wa kwanza. Fungu kubwa la fedha hizo linakwenda kwenye kandanda yao ya Kimarekani na mpira wa kikapu, kwani ndiko zinakotoka. Mkimbiaji wa nyika huambulia makombo, akiambulia. Lakini kuna sharti lililofuatana na fedha hizo: vyuo vilivyoingia katika mpango huo vimewekewa idadi ya wachezaji, na kwa mbio za nyika idadi hiyo ni 17 kwa timu.

Kumi na saba waweza kuonekana wengi, maadamu wanaokimbia ni saba. Si hivyo. Zamani ufadhili ndio uliokuwa na mpaka. Timu yote ya wanaume ya riadha ilikuwa na mafungu 12.6 tu ya kugawana, lakini kijana aliyetaka kujiunga bila kulipwa alikaribishwa. Sisi tuliwahi kuwa na vijana 28. Yule mtoto wa mkulima niliyemtaja alikuja akiwa wa 25. Hakuna aliyemlipa hata senti. Mwaka wa pili akawa wa 12, na mwaka wa nne akawa miongoni mwa watano, tukamtegemea. Chini ya hesabu hii mpya hana mlango. Kocha hatampa mtu wa 25 miaka mitatu ya kukomaa, kwa kuwa hana mahali pa kumweka. Atamtafuta aliyekwisha komaa, na wapi pa kumpata kwa urahisi kuliko Iten na Eldoret?

Kwa hiyo, tukitazama juu juu, Kenya imefaidi. Nami sikatai kuwa elimu ya bure ni neema kubwa. Sally Kipyego aliyeshinda mbio hizi mara tatu mfululizo kwa Chuo Kikuu cha Texas Tech, 2006 hadi 2008, alipata huko shahada pamoja na jina. Lakini anayenunuliwa akiwa tayari hutakiwa alipe tayari. Subira inapungua kwa pande zote mbili. Na lingine: mwanafunzi wa kigeni mwenye viza ya masomo amefungwa mikono katika kazi za mapato, hivyo Mmarekani wa timu hiyo hiyo aweza kuuza jina lake na picha yake kwa wafanyabiashara, na Mkenya anayemshinda kwa nusu dakika akabaki akitazama.

Na sisi wa pwani tunaingilia wapi? Nasikia wakisema Mswahili hakuumbwa kwa mbio. Hayo ni maneno ya watu waliochoka kufikiri. Abdi Bile, Msomali, alisoma Chuo Kikuu cha George Mason katika jimbo la Virginia, na mwaka 1987 akawa bingwa wa dunia wa mita 1,500 kule Rome. Mohammed Ahmed alizaliwa Mogadishu, akaishi Kenya utotoni kabla ya familia yake kuhamia Kanada, akakimbilia Chuo Kikuu cha Wisconsin, na katika Olimpiki za Tokyo, 2021, akatwaa medali ya fedha ya mita 5,000. Damu ya ufuoni haikuwazuia.

Hata joto letu lina mafunzo yake. Wengi wetu tulikuwapo Machi 24, 2007, mbio za nyika za dunia zilipofanyika hapa hapa katika uwanja wa gofu. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa ameshinda miaka mitano mfululizo, aliingia katika mzunguko wa mwisho akasimama. Jua na unyevu wa bahari vilimtoa. Zersenay Tadese wa Eritrea akapita, akashinda. Siku ile nilimsikia mzee mmoja nyuma yangu akisema, "Wangemuuliza mchukuzi wa bandarini, angewaambia." Alisema kweli: mwili hufunzwa joto kama unavyofunzwa kilima, kwa siku na kwa kipimo. Kijana wa pwani aliyezoea unyevu huu, akipewa miaka miwili ya mazoezi ya mahali palipoinuka, ana cha kuonyesha. Tulichokosa ni wa kumfunza, na mahali pa wazi pa kumfunzia, maana kila kiwanja tulichochezea udogoni sasa kina ukuta.

Wazazi wetu lakini wana khofu zao, na si za kupuuzwa. Kwanza saumu. Miaka niliyokuwa kazini Ramadhani iliangukia ndani ya msimu: 2004 ilianza katikati ya Oktoba, 2005 mapema Oktoba. Tulikuwa na vijana wawili Wasomali, waliokuwa wakiniita "adeer", yaani ami. Tuliyapanga mazoezi yao magumu baada ya maghribi. Mwisho wa Oktoba, saa za kule ziliporudishwa nyuma miaka hiyo, jua lilizama kiasi cha saa kumi na moja za jioni, kwa hiyo wakifuturu kwa tende na maji, wakisali, na baada ya nusu saa tunaingia uwanjani chini ya taa. Chakula kamili kilifuata. Mchana walitembea na kunyoosha viungo tu. Kocha mkuu, huyo huyo niliyemlaumu, hakuleta taabu hata moja juu ya hilo. Alichouliza ni kama wanapata usingizi. Siku hizi Ramadhani imeondoka katika msimu wa nyika. Itaanza kurudi ndani ya msimu huo, Novemba, mnamo 2034, na atakayekuwa kocha wakati huo ni bora ajifunze mapema.

Pili ni mavazi ya mabinti. Mwaka 2019, katika jimbo la Ohio, msichana wa sekondari alikimbia mbio za nyika kwa hijabu, akamaliza, kisha matokeo yake yakafutwa kwa kuwa hakuwa na kibali cha maandishi cha kuivaa. Mambo hayo yalileta fedheha kubwa, na mwaka 2022 jimbo hilo likapitisha sheria ya kuzuia dhulma kama hiyo isirudiwe. Mlango huo basi umefunguliwa kwa kiasi, na aliyeufungua ni mtoto wa shule. Viza nayo ni habari nyingine. Juni 2025 serikali ya Marekani ilitangaza kuwazuia raia wa nchi kadhaa, Somalia na Eritrea zikiwamo. Wakenya hawakuorodheshwa, lakini majirani zetu waliozoea kuifuata njia ya Abdi Bile ndio waliokumbwa.

Mwezi uliopita bwana mmoja wa Majengo alinijia na barua. Binti yake anakimbia, tena vizuri, na chuo kimoja kinamtaka. Baba mtu alikuwa radhi nusu. Hakuuliza habari za fedha. Aliuliza nani atakayemwangalia mwanawe akiugua. Nilimwambia hilo ndilo swali la kwanza ambalo ningeuliza mimi, nikaigeuza barua tukaandika nyuma yake. Ufadhili ni wa miaka minne au wa mwaka mmoja mmoja? Akikimbia amevaa suruali ndefu na mtandio, kuna kibali kinachotakiwa, na nani atakiandika? Katika wasichana waliosajiliwa miaka minne iliyopita, wangapi walimaliza shahada? Na akiumia mfupa mwaka wa kwanza, anabaki mwanafunzi au anarudishwa nyumbani?

Alikwenda, binti akayaandika kwa Kiingereza kizuri kuliko changu, wakayatuma. Kocha alijibu baada ya siku tatu, kwa adabu, na maswali matatu ya kwanza aliyajibu kwa ukamilifu. La nne hakuligusa. Tumemwandikia tena, na pasi ya kusafiria ya binti bado imo kabatini kwa mama yake.